Pumzi ya Moja Tu

Hospitali, ukumbi wa kusubiria
Jumatatu, 3 Juni

Kaka,

Baba anapumua. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kwanza, hata kabla ya salamu. Hapumui mwenyewe. Kuna mpira umepita kinywani mpaka kooni, na mashine iliyo pembeni ya kitanda inamsukumia hewa. Lakini kifua kinapanda na kushuka, na kwa polisi hilo linatosha. Wakili anasema maadamu kifua kinapanda, wewe ni mtu aliyemjeruhi baba yake. Kikikoma, wewe ni mtu aliyemuua. Alilisema kwa upole, huku akinifungia zipu ya mkoba wangu uliokuwa wazi, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule.

Kwa hiyo nimeapa. Mashine haizimwi.

Leo daktari, yule mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, alituita koridoni. Kosa lake ni kutuita wote kwa pamoja. Alikuwapo Baba Mkubwa, Mama, mimi, na wachinjaji wenzake Baba, wa zamu ya alfajiri, waliokuja moja kwa moja kutoka kazini, mabuti yao bado na damu. Akasema ubongo wa Baba umekufa, wamempima mara mbili, na familia ifikirie kama inataka kuendelea. Angetuuliza mmoja mmoja, pengine angepata majibu mengine. Alituuliza mbele za watu.

Baba Mkubwa akapandisha sauti. "Ndugu yangu nilimleta hapa atibiwe, sikumleta achinjwe. Katika ukoo huu hakuna aliyewahi kuzima pumzi ya mzee." Akageuka akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Au yupo?"

Nani angesema yupo? Wachinjaji wakaitikia kwa pamoja kwamba hayupo, watu ambao tangu kunakucha walikuwa hawana kazi nyingine ila kukatisha pumzi. Mama alitazama sakafu. Mimi nikasema, "Aendelee," na nikashukuru kwamba sababu yangu imepata mahali pa kujificha ndani ya sababu yake. Baba Mkubwa anataka heshima ya ukoo. Mimi nakutaka wewe.

Mama yupo. Kila asubuhi anamwogesha Baba mwenyewe. Anavuta pazia na hataki muuguzi amsaidie. Shavu lake bado limevimba pale chuma cha kunolea visu kilipompata, kwa hiyo wodi nzima inajua na wodi nzima inamsifu. Mwanamke anayemuuguza mwanawe kitanda cha pili aliniambia, "Wanawake wa aina hii wamekwisha. Mume akutwange miaka yote, halafu umwoshe kama yai?"

Mimi nilikuwa mbali, Kaka. Shule ya bweni, kisha chuo, kisha kufundisha. Baba niliyemjua alikuja siku za wazazi amevaa shati jeupe, ananukia sabuni, akiniita "profesa" mbele ya walimu. Wewe umempiga mtu ambaye mimi sikuwahi kukutana naye. Sikulaumu. Nakueleza tu kwa nini bado navishika vidole vyake.

Wakili ndiye atakayebeba barua zetu. Askari hawafungui mkoba wake, kwa hiyo niandikie yote.

Mdogo wako,
Sindano


Mahabusu
Alhamisi, 6 Juni

Sindano,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Elimu imekuharibu.

Hapa tunalala ubavu mmoja kwa kubanana, na mmoja akitaka kugeuka tunageuka wote kama samaki kwenye kikaango. Jina nimeshapewa: Chinjababa. Jamaa mmoja aliyevunja duka aliniambia jana, "Wewe usilale karibu na mimi, nasikia nafanana na mzee wako." Wakacheka chumba kizima. Na mimi nikacheka, kisha nikashindwa kunyamaza, mpaka wakaogopa wao.

Sasa nisikilize. Unajua kwa nini machinjioni Baba aliitwa Moja Tu? Wengine hupiga nyundo mara mbili, mara tatu, ng'ombe anagaragara na kupiga kelele. Baba alipiga moja tu, katikati ya paji, juu kidogo ya macho. Mimi alinifundisha kwa makofi. Kila nikikosea, kofi. "Usiue," alikuwa ananiambia. "Anayeua kwa nyundo ni mjinga. Ua akili, moyo uache." Kwa sababu moyo lazima uendelee kudunda ili kisu kikishapita damu itoke yote. Ng'ombe aliyepigwa sawasawa analala, miguu inarusharusha, moyo unadunda vizuri tu. Mgeni atakwambia huyu mzima. Haamki, Sindano. Sijawahi kuona hata mmoja akiamka.

Siku ile nilitoka kazini nikamkuta Mama sakafuni jikoni, mkono kaukinga kichwani, na Baba amemwinamia na kile chuma. Nyundo ilikuwa kwenye gunia langu. Watu wote wanadhani nilipiga kwa hasira, popote palipotokea. Sikupiga popote. Mkono wangu ulipatafuta mahali penyewe. Baba alinigeukia. Aliiona nyundo, akaona na nilivyoishika. Unajua alisema nini? Hakusema "mwanangu". Hakusema "acha". Alisema, "Kiwiko." Yaani kiwiko changu kilikuwa chini. Nikakiinua.

Kwa hiyo usinilindie moyo unaodunda. Mimi ndiye niliyeuacha ukidunda. Baba hayupo pale. Mwambieni daktari azime, na yatakayonipata nitayapokea.

Mama anakula?

Kaka yako


Hospitali
Jumapili, 9 Juni

Kaka,

Shikamoo, kama ndicho unachotaka.

Barua yako nimeichoma kwenye choo cha wauguzi. Nilishikilia karatasi mpaka moto ukaniunguza kidole gumba, maana nilitaka kuwa na uhakika kwamba lile neno "kiwiko" limeungua. Usiliandike tena. Usimwambie mtu yeyote, hata wakili. Ulimpiga kwa hofu, ulitaka kumwokoa Mama, mkono uliteleza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Na jibu langu ni hapana.

Ijumaa umeme ulikatika. Mashine ikalia kidogo, kisha ikanyamaza, na jenereta likagoma kuwaka. Muuguzi akachomoa ule mpira kwenye mashine, akafunga mfuko wa kubana kwa mkono, akanisukumia mimi, kwa sababu alikuwa na mgonjwa mwingine wa kukimbilia. "Bana, hesabu moyoni, bana. Usisimame." Nikabana. Mama alikuwa upande wa pili wa kitanda, mikono yake imening'inia tu. Nikamwambia, "Mama, nipokee, nimechoka." Hakusogea. Nikaendelea mpaka mikono ikafa ganzi, jasho linamdondokea Baba usoni, na moyoni nilikuwa namwambia: pumua, mbwa wewe, pumua, mwanao asinyongwe. Sikujua kwamba ninaweza kumwita hivyo. Nilimwita hivyo kwa kila mbano, na kila mbano kifua kikapanda, kinanitii. Nadhani nilifurahi. Hilo ndilo ninalolifikiria tangu siku ile. Kwamba nilikuwa nimemshika Baba mzima ndani ya viganja vyangu, na nilifurahi.

Umeme ukarudi.

Lakini kuna habari njema, na wewe huistahili kwa ukaidi wako. Jana nilimwita, na akanibana kidole. Nimehisi kabisa. Daktari amefurahi sana. Amesema wapo wanaoamka baada ya muda. Kwa hiyo ng'ombe wako waache huko huko machinjioni. Huyu ni mtu, na anarudi.

Vumilia.

Sindano


Mahabusu
Jumatano, 12 Juni

Sindano,

Naandika kwa jicho moja, lingine limefunga. Nilimpiga yule wa duka. Alisema tu, "Hongera, mzee anaamka," nikamrukia. Wao wakanirukia mimi. Usijali, meno yote ninayo isipokuwa lile bovu lililokuwa linanisumbua, kwa hiyo wamenihudumia bure.

Kama anaamka, Mama yuko wapi? Uliniambia anamwogesha, peke yake, pazia limefungwa. Sindano, wewe humjui yule mtu! Siku ya wazazi alikuwa anavaa shati. Akifumbua macho, kitu cha kwanza atakachokitafuta ni koo la Mama, kwa sababu ni kwa ajili ya Mama kwamba mwanawe alimwinulia nyundo. Hata akiwa na mkono mmoja. Hata akiwa na vidole viwili.

Mtoe Mama mle ndani. Nakuomba kama dada, kisha nakuamuru kama kaka yako mkubwa. Kesho nenda mapema, kabla hajaanza kumwogesha, umtoe. Asibaki naye nyuma ya pazia.

Kaka


Hospitali
Ijumaa, 14 Juni

Kaka,

Nilikwenda mapema ulivyoniamuru. Nilichelewa kidogo tu. Pazia lilikuwa limeshafungwa. Nikalivuta.

Beseni lilikuwa juu ya stuli, maji hayajaguswa, kitambaa kikavu. Mama alikuwa amemfunua Baba shuka. Alikuwa ameishika nyama ya ndani ya paja kwa vidole viwili, anaizungusha kama mtu anayekamua nguo. Taratibu, bila pupa. Mapaja yote yalikuwa na alama, na mbavu, na chini ya makwapa, mahali muuguzi hapatazami sana kwa kuwa kuna mke mwema anayeogesha. Nyingine nyeusi, nyingine za kijani, nyingine zimeanza kuwa njano. Muuguzi aliwahi kuziona moja mbili, akaniambia zinaletwa na dawa ya kuzuia damu kuganda. Nilimwamini.

Mama hakushtuka. "Funga pazia," akasema. "Baridi linaingia."

"Mama, unafanya nini?"

"Namwogesha baba yako." Akasogeza vidole pembeni kidogo, akashika nyama nyingine. "Hii ya mlango wa choo." Akazungusha. "Hii ya sinia, watoto wa jirani wanaangalia." Akazungusha. "Na hii ya yule aliyekuwa azaliwe kati yako na kaka yako."

Sikujua, Kaka. Kumbe tulikuwa tuwe watatu. Wewe ulijua?

Nikamwambia, "Hasikii, Mama. Daktari amesema hasikii kitu chochote."

"Najua. Na yeye miaka yote hiyo alidhani mimi sisikii."

"Ndiyo maana hutaki azimwe?"

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Shemeji anataka heshima. Wewe unamtaka kaka yako. Nani kaniuliza mimi ninataka nini?" Kisha akatumbukiza kitambaa majini, akakikamua vizuri, akampangusa Baba uso, shingo, nyuma ya masikio, kwa upole ambao ungeuona ungelia. "Sijamaliza," akasema.

Nilipotoka nje ya pazia, yule mwanamke wa kitanda cha pili alinishika mkono. "Mama yako," akaniambia, "Mungu amlipe."

Sasa na mimi nikwambie langu. Kidole hakikubanwa. Nilikiweka kidole changu ndani ya kiganja chake na kukifunga kile kiganja kwa mkono wangu mwingine. Daktari hakufurahi, daktari alinitazama kwa huruma na kuniambia nikalale. Nilikudanganya ili uishi, na uongo wangu umekuvunja jino. Lakini bila uongo ule nisingelivuta pazia. Sijui nifanye nini na jambo hilo.

Namchukia Mama tangu asubuhi, na kila nikianza kumchukia naikumbuka mibano yangu siku umeme ulipokatika. Yeye anafinya, mimi nilibana. Tofauti iko wapi?

Sindano


Mahabusu
Jumapili, 16 Juni

Sindano,

Nilijua kuhusu yule wa kati. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwepo. Tuyaache.

Nimekaa na barua yako siku nzima. Hapa hakuna pa kulilia, kwa hiyo nimeshika mswaki mdomoni kama mtu anayesafisha meno, nikalia na povu.

Naomba nikwambie kitu cha machinjioni, kisha sitakuambia tena habari za ng'ombe. Kuna sheria moja ambayo Baba aliishika kuliko sala. Mnyama akishalala, hachezewi. Kijana mmoja aliwahi kumpiga teke ng'ombe aliyelala, kwa mzaha tu, na Baba akamburuta kwa shingo mpaka getini na kumtupa nje, hakurudi tena kazini. Alikuwa akisema, "Nyundo ikishapiga, kisu kisichelewe." Wote pale wanaijua kauli hiyo. Mtu aliyetuvunja mifupa nyumbani, kwa ng'ombe alikuwa na adabu.

Sasa tazama tulivyomfanya. Mimi nilipiga. Wewe unamsukumia pumzi kwa ajili yangu. Mama anamfinya. Baba Mkubwa anamtumia kama bendera. Wote tumemshika, na hakuna hata mmoja anayemuuguza. Ningekuwa sina hatia ningesema acheni akae, imempasa. Lakini nyundo ni yangu, na kisu kimechelewa kwa sababu yangu.

Na Mama mtoe pale hata kwa kumbeba. Si kwa ajili ya Baba. Akiendelea hivyo ataishia kuwa kama Baba.

Usiniulize kama naogopa. Naogopa. Zimeni.

Kaka


Nyumbani
Alhamisi, 20 Juni

Kaka,

Wewe umeshajua, maana wakili ameniambia walikuita na kukusomea shitaka jipya. Lakini nataka ulisikie kwangu pia.

Jumatatu nilimwambia daktari atuite tena koridoni, wote, vile vile kama mara ya kwanza. Akaniuliza kama nina uhakika, kwamba ofisini ni faragha zaidi. Nikamwambia ofisini nitashinda halafu nitashindwa mlangoni.

Wakaja wote. Nikasema, "Mimi binti yake naomba mashine izimwe." Sikumaliza. Baba Mkubwa alinipiga kofi la mkono wa nyuma, pete yake ikanipasua mdomo. "Mwanaharamu! Kaka yako kapiga, wewe unamalizia?" Akainua tena. Nikasema na damu mdomoni, kwa sauti ile ninayotumia darasani, "Nyundo ikishapiga, kisu kisichelewe."

Kauli ikawafikia wenyewe. Si Baba Mkubwa. Yeye hajawahi kufanya kazi machinjioni, kwake yalikuwa maneno tu. Wale wachinjaji ndio walioyajua. Yule mzee wa ndoano, anayetundika nyama, alivua kofia yake. Halafu wa pili. Baba Mkubwa aligeuka kuwatafuta, kama alivyowapata siku ile, akakuta wanatazama mabuti yao. Mzee wa ndoano akamshika ule mkono ulioinuliwa, akaushusha. "Mzee," akamwambia, "huyo ni Moja Tu. Usimfanyie hivyo."

Hivyo tu. Watu wale wale waliosema aendelee.

Mama akaniuliza, "Nimwogeshe mara ya mwisho?" Nikasema hapana. Akaenda kukaa kwenye benchi, akaiweka mikono yake mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Daktari alichomoa. Nilidhani atapigana, mtu aliyepigana na kila kitu. Kifua kilishuka na hakikupanda. Basi. Nikamshika vidole na safari hii sikuvifunga.

Nilitaka barua iishie hapo. Haiishii hapo.

Polisi walitaka maiti ichunguzwe, na Baba Mkubwa alikwenda kuitambua. Ameziona alama. Ripoti imesema: pigo moja la kichwa lililoua, na michubuko mingi mapajani, mbavuni, makwapani. Mpelelezi ameisoma anavyotaka mwenyewe. Anasema ulimfunga Baba, ukamtesa kwanza, ndipo ukamuua. Baba Mkubwa anatembea nyumba kwa nyumba akisimulia. Amesema atakaa mstari wa mbele siku utakapovishwa kamba.

Wakili amekuja hapa, hakukaa hata kwenye kiti. Anasema kwa pigo moja, na shavu la Mama, na majirani waliosikia, anaweza kukuokoa na kitanzi. Itakuwa kifungo, lakini kuna kutoka. Kwa mateso, hakuna kutoka.

Mama amejifungia chumbani. Nimemwambia kupitia tundu la ufunguo yote niliyoyaandika hapa. Hajafungua. Kaka, nikienda kusema mimi, nimemuuza Mama. Nikikaa kimya, nimekuuza wewe. Niambie.

Sindano


Mahabusu
Jumamosi, 22 Juni

Sindano,

Kaa kimya.

Jumatano mpelelezi anakuja kuchukua maelezo yangu. Nitamwambia michubuko ni yangu. Nitasema nilimfinya kwa koleo, nitatafuta namna. Mtu ameshasema nyundo ni yake, atashindwa vipi kusema vidole?

Mama amepigwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na hakuna aliyemtetea. Mimi mwenyewe nilikuwa naweka mto masikioni mpaka nilipokuwa na nguvu za kuinua nyundo. Sasa asimamishwe mbele ya watu aambiwe ni mwanamke aliyemtesa maiti? Wale waliomsifu wodini watamla mzima. Jina zuri ndilo kitu pekee alichokipata katika ndoa ile, na alilipata kwa wiki mbili tu. Mwachie.

Hili si ombi. Msomee barua hii umwambie nimesema mimi, mwanawe wa kwanza, yamekwisha.

Kaka


Nyumbani
Jumatano, 26 Juni

Mwanangu,

Anayeandika ni mdogo wako, lakini maneno ni yangu. Nimemwambia asiyarembe. Akiyaremba nitajua, kusoma sijui lakini nasikia.

Alinisomea barua yako Jumatatu. Nikamwambia arudie. Aliporudia nikafungua mlango, nikaoga, nikavaa lile gauni langu la bluu, nikamwambia tunakwenda kwa mpelelezi kabla hajafika kwako.

Baba yako mkubwa alikuwa pale pale kituoni. Sasa ndiyo ofisi yake. Na yule mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa ameitwa, aje aeleze nilivyokuwa mke mwema. Vizuri, nikasema. Wakae, wasikie wote.

Nikawaambia. Ya mlango, ya sinia, ya mwanangu wa kati. Niliyoyafanya na siku nilizoyafanya, nyuma ya pazia, na kwamba siku analetwa hospitali mwili wake haukuwa na alama hata moja isipokuwa kichwani. Baba yako mkubwa akasema nimerukwa na akili, nataka kumwokoa mwanangu. Mpelelezi naye akatabasamu. Akasema, "Mama, vidole vya mwanamke wa umri wako haviwezi kufanya haya."

Nikamwambia alete mkono.

Akadhani natania. Akaukunja mkono wa shati, akaleta. Nikamshika hapa ndani, juu ya kiwiko, nikazungusha. Mwanangu, alipiga ukelele, askari wawili wakaingia mbio na virungu! Mdogo wako ananiambia nisicheke, lakini nacheka. Alipomaliza kujisugua aliketi, akachukua kalamu, akaandika yote. Alama aliyonayo ataenda nayo mwenyewe mahakamani.

Yule mwanamke alinitemea mate mlangoni. Yamenipata begani. Nimeifua nguo, yamekwisha. Wameniambia nisitoke mjini, na kwamba huenda nikashitakiwa na mimi. Nikawauliza, ningetoka niende wapi?

Sasa wewe. Nimesikia unasema jina zuri niachiwe. Nimekuwa na jina zuri tangu siku niliyoolewa. Kila asubuhi nililipaka juu ya uvimbe nikatoka nalo sokoni. Sikulipata wodini. Nimelichoka.

Na nimesikia unasema vidole ni vyako. Hapo umenikasirisha. Ulipoinua nyundo hukuniuliza, sawa, nilikuwa sakafuni. Mdogo wako alipozima hakuniuliza, sawa. Lakini hili hapana. Pigo lako ni moja tu. Hilo alikufundisha baba yako, lijibie mwenyewe, na siku utakayotoka utanikuta mlangoni nikiwa hai au utakuta kiti changu. Yale mengine yote ni yangu. Nimeyangojea miaka mingi. Usiniibie.

Kula wanachokupa.

Mama yako